Mstari Nyuma ya Mama

Kwa muda mrefu mama yangu alitembea na mwavuli mweusi ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona umefunguliwa. Mvua ikinyesha alijibanza kibarazani kwa jirani, mwavuli mkononi, umefungwa vizuri kwa kitufe chake. Watu walimtania kwamba yeye ndiye anayeutunza mwavuli, wala si mwavuli unaomtunza yeye. Mimi sikucheka nao. Nilijua kwamba ile ilikuwa fimbo.

Goti lake la kulia lilikuwa limechoka. Daktari mmoja wa hospitali ya Kibagabaga alimwambia mbele yangu, bila kuzungusha maneno, kwamba tambarare atembee atakavyo, lakini kupanda milima basi. Sijui daktari huyo alidhani tunakaa wapi. Kumwambia mkazi wa Kigali asipande milima ni kumwambia akae ndani. Mama aliitikia kwa adabu, akashukuru, na kabla hatujafika getini akanishika mkono.

"Habari hii isifike kwa watu."

Nikamwuliza kwa nini.

"Watanionea huruma. Na mtu anayeonewa huruma hasikilizwi."

Kusikilizwa ndiyo ilikuwa kazi yake. Tunaishi nyuma ya Kabuga, kwenye mteremko unaoshuka kutoka barabara ya lami hadi bondeni, na mama ni mpatanishi wa kagari letu. Kagari ni ile ngazi ya serikali iliyo karibu na mlango wako, juu kidogo ya kijiji. Wapatanishi ni raia wa kawaida wanaochaguliwa na wenzao kwa sababu wanaaminika. Hawalipwi. Wanakaa pamoja kwenye ofisi ya kagari na kusikiliza yale yanayoharibu ujirani: mpaka wa shamba uliosogea, mbuzi aliyekula maharage ya mtu, ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao.

Lazima niseme kazi hiyo ilimfanyia nini, la sivyo hadithi hii haitaeleweka. Tulirudi Rwanda tukitokea Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na kukulia, na baba alifariki tukiwa tumeshazoea huku. Baada ya matanga mama alichagua kiti kimoja dirishani akakaa. Alikula akiombwa. Alijibu akiulizwa mara ya pili. Nilimpeleka kwenye duka langu la ushonaji ili asikie watu wakiongea, akawa anageuzia kiti ukutani. Nilidhani naye anaondoka, ila anaondoka polepole. Kisha ukafika uchaguzi wa wapatanishi, jirani mmoja akalitaja jina lake, na watu wakapanga mstari nyuma yake, kwa sababu ndivyo tunavyochagua wenyewe kwa wenyewe: hatuandiki chochote, unakwenda kusimama nyuma ya mtu unayemtaka. Siku hiyo alirudi nyumbani akaomba chai ya tangawizi, akalalamika kwamba sukari ni kidogo. Nililia jikoni kwa furaha ya kulalamikiwa. Watu wa kilima hiki walinirudishia mama yangu, na hata wakinikosea vipi nawawia deni hilo.

Wakati huo ofisi ya kagari ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga, hatua chache kutoka kwetu, njia tambarare. Kisha mwenye nyumba akaihitaji nyumba yake, na katibu mtendaji wa kagari, ambaye sote tunamwita Gitifu, akatangaza kwamba itajengwa ofisi yetu wenyewe. Viwanja vilipatikana viwili. Kimoja kiko juu, kileleni karibu na tangi la maji. Ni kipana, kina upepo mzuri, na bendera ingeonekana mpaka ng'ambo. Cha pili kiko chini kidogo ya nyumba zetu, kwa njia karibu tambarare isiyo na ngazi, pale ilipokuwa shule ya chekechea zamani. Ni kidogo, na mvua kubwa ikinyesha ukingo wake unaloa. Gitifu ni kijana mpole anayetuita sote "wazazi", hata sisi tuliomzidi kidogo tu. Alisema wazi kwamba yeye angeweza kuamua, lakini anayekwenda ofisini kila wiki si yeye peke yake, basi tutaamua sote baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Namshukuru kwa hilo mpaka leo. Wapo wakubwa wanaochora mahali pa kuweka ofisi wakiwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka katika ofisi za Kimihurura, na pengine wanachora vizuri, lakini goti halionekani kwenye ramani.

Njia ya kwenda kileleni ni ngazi za udongo. Pikipiki haziwezi kuipanda, na hata zile zinazozungukia barabarani mama hazipandi, goti halikunjiki. Nilimwuliza itakuwaje wakichagua juu.

"Nitawaambia wachague mpatanishi mwingine," alisema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

"Basi tuwaambie kuhusu goti, mama."

"Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mimi kazi yangu ni kuwakataza watu wasivute. Nivute mwenyewe?"

Nilikitazama kile kiti cha dirishani, ambacho siku hizi kilikuwa kimewekewa nguo za kupiga pasi.

Jumamosi ikafika. Tulizibua mitaro asubuhi nzima, kisha tukakusanyika uwanjani, watu na majembe yao, matope mpaka magotini. Mama hakulima, lakini alikuja. Kama kawaida aliletewa kiti, na kwa kuwa kivuli kilikuwa upande wa juu wa uwanja, kiti kikawekwa huko. Gitifu akaeleza habari za viwanja viwili, akaeleza vizuri, kisha akahitaji watu wawili wawe alama: mmoja wa juu, mmoja wa chini, kila mtu asimame nyuma ya alama ya kiwanja anachokitaka.

Akatazama huku na huku. Upande wa juu, pale pale, alikaa mama kwenye kiti chake. Upande wa chini alisimama kinyozi aliyehamia mtaani kwetu muda si mrefu kutoka Goma, ambaye alikuwa amechelewa na kusimama alipofikia.

"Basi mukecuru awe alama ya juu," alisema Gitifu kwa heshima zote, kama tunavyowaita bibi wazee. "Na wewe, bwana kinyozi, uwe ya chini."

Hakuwa na nia mbaya. Alichagua alichokiona karibu. Mama aligeuziwa kiti amwelekee kinyozi, na mistari ianzie nyuma ya migongo yao. Nilimtazama nikitumaini atasema neno. Hakusema. Baadaye aliniambia kwamba kibao cha njiani hakiwaambii watu waende wapi kwa faida yake.

Gitifu akapiga makofi, na watu wakaenda. Loo, walivyokwenda! Mwanamke aliyepatanishwa na wifi yake akaenda nyuma ya mama. Yule wa mbuzi akaenda, na yule wa maharage akasimama nyuma yake. Wale ndugu wawili wa nyumba ya marehemu walikimbilia kwa pamoja. Mstari ulipita kwenye goli, ukapinda, ukafika kwenye mikaratusi. Watu hawakuwa wanatazama juu wala chini. Walikuwa wanamtazama mama. Nani angeweza kumpa mgongo mama yule, mchana kweupe, mbele ya kilima kizima? Kwa upendo wao walikuwa wanampeleka mahali ambapo asingefika.

Mimi nikaenda kwa kinyozi.

Nilivuka uwanja mzima peke yangu. Nyuma ya kinyozi alikuwepo mkewe, wanaume wachache wa bondeni, na mzee mmoja ambaye maisha yake yote hajawahi kukubaliana na walio wengi. Nikasimama mbele kabisa, nyuma tu ya kinyozi. Minong'ono ikaanza. Muuza nyanya mwenye meza karibu na duka langu, ambaye tunataniana tangu asubuhi hadi jioni, akaniita kutoka ule mstari mrefu kwa sauti ya sokoni.

"Wee fundi! Mama yako iko huku!"

"Namwona. Nina macho."

"Sasa unamuachaka mama yako kwa kinyozi?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na miiba. Kinyozi naye akageuka, uso umemshuka.

"Mbona banakimbia hivi? Miye sijafanya mutu kitu. Gitifu, miye siko kiwanja! Niko kinyozi tu."

Gitifu akaanza kuhesabu. Hapo ndipo nilipoishiwa na subira. Mimi nina hasira za karibu. Mama husema zimekaa mlangoni, hazingoji hata kubisha hodi. Mikutano yetu ni ya Kinyarwanda, na Kinyarwanda changu ni kizuri mpaka nikasirike. Nikikasirika kinanikimbia, ninabaki na Kiswahili cha Karagwe. Na Kiswahili huku kwetu kina sifa yake, ni lugha ya sokoni na ya askari. Ukikipaza, watu husimama wima kwanza, ndipo huuliza kuna nini.

"Acheni kuhesabu!" nikapaza sauti. "Nani hapo anataka ofisi iende kileleni? Sisemi mama. Nasema kileleni, kwenye tangi!"

Hata watoto waliokuwa kwenye goli waliacha mpira.

Nikamwuliza muuza nyanya kwa jina. "Wewe, unataka juu?"

"Juu? Hapana! Na hii mizigo yangu?" Akashangaa kuulizwa. "Mimi iko nyuma ya mama tu."

"Na wewe?" nikamwuliza wa mbuzi.

"Mimi nitampaje mama mgongo? Halafu kesho nitamsalimiaje?"

Wakaulizana wenyewe, na kila mmoja akasema lile lile kwa namna yake. Wapo waliotaka juu kweli, wanaokaa karibu na tangi, nao walisema hivyo na walikuwa na haki yao. Wengine wote walikuwa wamesimama nyuma ya heshima.

"Basi jueni mnachofanya," nilisema. "Ofisi ikienda juu, huyu mama mnayempangia mstari hatafika. Goti lake limekufa. Huo mwavuli ni fimbo. Hajawahi kuufungua kwa sababu hawezi kusimama bila kuuegemea. Mkimpenda hivi, mtamrudisha dirishani."

Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, si kabla wala baada. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na papo hapo nilijua kwamba nikirudishwa nyuma ningesema tena.

Gitifu alivua kofia. Akasema, taratibu, kwamba kosa ni lake, mtu hawezi kuwa kiwanja. Akachukua jembe akalisimika upande wa juu. Akaomba toroli likasukumwa upande wa chini. Tuanze upya, alisema, na mtu yeyote asiwe na haya, maana jembe halijawahi kumpatanisha mtu na toroli halina machozi.

Kabla watu hawajasogea, yule mzee asiyekubaliana na mtu alikohoa akasema kwamba hata yeye nyonga yake haipandi zile ngazi, ila hakutaka kusema kwa sababu kijana wake anakaa juu na angemcheka. Kisha mjamzito mmoja akasema la kwake. Kisha mwenye mtoto anayebebwa mgongoni ingawa umri wa kubebwa umempita. Magoti yakaanza kutoka mafichoni. Kumbe kilima kizima kilikuwa na miavuli isiyofunguliwa.

Watu walipoambiwa waende, aliyetoka wa kwanza alikuwa mama. Aliinuka, akauegemea mwavuli waziwazi, akatembea. Uwanja wote ukamsubiri. Akaenda akasimama nyuma ya jembe.

Nyuma ya jembe! Upande wa juu! Nilitaka kwenda kumvuta, lakini mke wa kinyozi alinishika kanga.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka nikishindwa kulala, na hunilaza vizuri. Watu hawakukimbilia toroli. Walipita kwanza kwa mama, mmoja mmoja. Walimshika mkono, au wakamgusa bega, wakamwambia kitu kidogo, ndipo wakavuka uwanja. "Mama, uniwie radhi." "Mama, naenda kule, lakini ni kwa ajili yako." Muuza nyanya alimkumbatia kabisa na kumpaka matope. Wale ndugu wawili waliomba ruhusa kwa pamoja, kama watoto wanaoomba kwenda kucheza. Na mama alimjibu kila mmoja, "Nenda, mwanangu, nenda unakotaka." Ilichukua muda mrefu kuliko kuzibua mitaro. Gitifu hakumharakisha mtu.

Mwisho nyuma ya jembe walibaki watu wa tangi na mama. Wengine wote walikuwa kwa toroli. Kinyozi aliutazama mstari ulivyojaa, akashusha pumzi.

"Sasa naona si miye," alisema.

Ofisi ikawa ya chini. Watu wa juu walinung'unika na mpaka leo wanatutania kwamba bendera yetu imejificha kwenye migomba, nasi tunawajibu washuke waje kuinyoosha. Hawajatununia, na hilo nalo nalishukuru, maana wangeweza.

Nyumbani yalikuwa mengine. Mama alivua viatu, akakaa, akasema, "Umenivua nguo mbele za watu." Nikamwuliza, kwa ukali ambao haukunifaa, kwa nini alisimama nyuma ya jembe na yeye ndiye mwenye goti. Akasema wale wa tangi wangebaki peke yao, na mpatanishi hasimami upande anaofaidika nao, ikiwa ni lazima asimame. Kisha alininyamazia siku nyingi. Alikula nilichopika, akashukuru, akarudisha sahani, na hakuna kilichoniuma kama shukrani ile ya mgeni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikaa nikiusubiri huo mshindo kila nilipoinama kwenye cherehani.

Kuta zilipanda Jumamosi kwa Jumamosi. Tulipokezana matofali kwa mstari, watu wa juu wakishusha mawe na watu wa bondeni wakipandisha maji. Mama alileta uji kwenye ndoo, akawapa wote, nami akanipa kama alivyowapa wengine. Kinyozi alimchongea fimbo ya kweli, nyepesi, yenye mshiko wa kumtosha kiganja. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Ule mwavuli aliuacha dukani kwangu bila kusema neno, nami nilipoufungua nikakuta nondo wameutoboa kama chujio. Niliushona viraka.

Siku ya kikao cha kwanza kwenye ofisi mpya niliiona fimbo ikipita mbele ya duka, tok, tok, na mama nyuma yake, kanzu imepigwa pasi. Hakugeuka. Akienda kusikiliza kesi hasimami kwa mtu njiani, hata kwangu. Nilishona siku ile mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja.

Alasiri alirudi. Wateja walikuwepo, na muuza nyanya alikuwa amekaa mlangoni akinisimulia ya watu. Mama akaingia, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaunyoosha mguu juu ya kiroba cha vitambaa, akapandisha nguo mpaka juu ya goti, mbele ya watu wote. Goti lilikuwa limevimba.

"Lete maji ya moto," aliniambia. "Na kitambaa kisiwe cha mteja."

Nikaleta. Nikapiga magoti, nikaanza kumkanda. Muuza nyanya, ambaye hajawahi kuondoka mahali penye habari, aliondoka, akawachukua na wateja.

"Siku ile uwanjani," mama alisema, "nasikia walikuwa wengi sana nyuma yangu."

"Walifika mpaka kwenye mikaratusi, mama."

"Wote wamenisimulia. Mimi sikuwaona." Alifumba macho, joto la kitambaa linamwingia. "Walikuwa mgongoni. Niligeuziwa upande wa kinyozi, nikawa nakuangalia wewe tu."